Kijiwe cha kahawa "kwenye ubao", nyuma ya soko la Majengo Dodoma: nimekesha pale usiku wa kura za Marekani

Nianze na bei maana najua ndo kitu mnachotaka kujua kwanza. Kahawa kikombe 200, kashata 200, chapati jero, supu ya mbuzi 3,000, na kukaa usiku kucha mbele ya TV ni bure. Bure kabisa, hakuna kiingilio, hakuna habari ya agiza kinywaji au upishe wengine. Mimi nilikaa pale kuanzia saa nne usiku wa Jumanne tarehe 5 Novemba 2024 mpaka saa nane mchana wa Jumatano, uchaguzi wa rais wa Marekani mwanzo mwisho, na nikijumlisha kila kitu mpaka vocha sikufika elfu kumi.

Kufika: ukitokea Nyerere Square nenda kwa miguu kuelekea soko la Majengo, ukishafika sokoni zunguka upande wa nyuma, utaona mwarobaini mkubwa na turubai la bluu limefungwa kwenye matawi, chini yake mabenchi na jiko la mkaa. Hakina jina, hakina bango. Ukiuliza "kwenye ubao ni wapi" hata mtoto anayeuza mifuko atakupeleka.

Mwenye kijiwe ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jina lake nitamtunzia, sisi wote tunamwita Mwalimu na ukifika unaanza na shikamoo kabla ya kuagiza chochote. Wazee wa Kigogo wakiingia wanaanza na mbukwenyi, yeye anaitikia, halafu ndo kahawa inamiminwa. Anasaidiwa na mjukuu wake wa kiume, kijana mpole sana, anapita na birika kila baada ya dakika kumi na hakusahau hata mara moja nani anakunywa na tangawizi na nani hataki. Kahawa yenyewe ni ile chungu hasa, imechemka ikachemka, vikombe vinaoshwa kwa maji ya moto mbele yako. Hapo sina la kuongeza, kahawa ni nzuri.

Ila sikuja kuandika yote haya kwa ajili ya kahawa, naandika kwa ajili ya ubao.

Ubao ni kipande cha plaiwudi kimepakwa rangi nyeusi kikagongomelewa ukutani, na Mwalimu kauchora mistari ya chaki kama rejesta. Safu ya kwanza TAREHE, ya pili TUKIO, ya tatu ZIMEBAKI, yaani siku zilizobaki mpaka kupiga kura, na ya nne KAJIBU NANI. Ukija na habari yoyote ya uchaguzi, uchaguzi wowote ule, anakuuliza maswali mawili tu: ni ya lini, na nani kasema. Ukikosa moja, habari yako haipandi ubaoni. Unakunywa kahawa yako na unakaribishwa kesho. Nimekaa vijiwe vingi hapa mjini, Chang'ombe, Area C, kule Nkuhungu nilikopanga zamani, na sijaona mahali pengine ambapo mtu anazimwa kwa upole namna ile, hatukanwi wala hachekwi, chaki tu haiandiki.

Kwa nini nasema hii ni huduma inayostahili kusifiwa? Kwa sababu uchaguzi unaharibika vichwani mwa watu kwenye lala salama. Wiki mbili za mwisho kila mtu ana bomu. Fulani kaanguka jukwaani, fulani kajitoa, kuna video inatoka kesho, kuna barua imevuja. Na sisi tunasambaza. Wamarekani wana neno lao kwa haya mambo, wanaita sapraizi ya Oktoba, maana kura zao zinapigwa mwanzoni mwa Novemba kwa hiyo Oktoba ndo lala salama yao. Mwalimu anasema neno hilo lilivuma mwaka 1980, yeye akiwa mwalimu kijana Kongwa na redio ya betri. Rais Carter alikuwa anagombea muhula wa pili huku Wamarekani 52 wameshikwa mateka Tehran, na kambi ya Reagan, meneja wa kampeni wao akiwa William Casey, ilikuwa inaogopa kitu kimoja tu, kwamba Carter atawarudisha wale watu nyumbani siku chache kabla ya kura na nchi nzima itasimama kumshangilia. Wakaanza kuitangaza mapema hiyo sapraizi ili ikija isiwe sapraizi tena. Haikuja. Siku ya kura, tarehe 4 Novemba 1980, ikaangukia mwaka mmoja kamili tangu ubalozi uvamiwe, Reagan akachukua majimbo 44 kati ya 50, na mateka wakaachiwa tarehe 20 Januari 1981, siku ileile anaapishwa, baada ya siku 444. Mwalimu anaipenda hii kuliko nyingine zote kwa sababu ni bomu ambalo halikulipuka na bado lilifanya kazi.

Nimwage yaliyo moyoni kidogo. Mwaka 2020 nilifuatilia uchaguzi kama huu sehemu nyingine hapahapa Dodoma, sitaitaja, ina skrini kubwa na viti vya sofa. Kiingilio elfu kumi, tukaambiwa ndani yake kuna soda na mishkaki miwili. Mishkaki ilikuja mmoja, sio shida. Shida ilikuwa saa tisa usiku, ndo kwanza vituo vya majimbo ya mwanzo kule vinafungwa, wakahamisha chaneli wakaweka muziki, nikamfuata msimamizi nikamwambia kaka sisi watu kumi na tano hapa tumelipa kwa ajili ya hii kitu, akanijibu wateja wengine wamechoka. Wateja wengine walikuwa wamelala. Nilitoka pale nikatembea mpaka nyumbani nimekasirika kiasi kwamba usingizi haukuja, na matokeo yale yenyewe yalichukua siku nne kutangazwa kwa hiyo hata kukesha kwenyewe kulikuwa bure. Ndo maana nilipoambiwa na fundi mwenzangu wa simu kwamba kuna mama ana ubao Majengo nilienda siku hiyohiyo, na sijahama.

Turudi kwenye ubao. Safu ya tatu na ya nne ndo zina akili yote. Bomu la lala salama lina nguvu pale siku zilizobaki ni chache na safu ya KAJIBU NANI iko wazi, aliyepigwa hajapata nafasi ya kusimama na kujieleza. Na lazima wagombea wawe wamekabana, yaani wanapumuliana. Bila hivyo bomu linatoa moshi tu. Mfano upo: tarehe 26 Oktoba 1972, siku 12 kabla ya kura, Henry Kissinger, mshauri wa Rais Nixon, alitangaza kwamba amani ya Vietnam imekaribia. Dunia nzima ikaandika. Nixon akashinda majimbo 49, lakini yule angeshinda hata Kissinger angekaa kimya mwezi mzima. Linganisha na miaka minne nyuma yake, 1968. Tarehe 31 Oktoba Rais Johnson anatangaza kusimamisha mabomu Vietnam ya Kaskazini, kura ni tarehe 5 Novemba, makamu wake Humphrey anapanda kwa kasi kwenye kura za maoni, halafu tarehe 2 Novemba rais wa Vietnam ya Kusini, Thieu, anasema hawaendi kwenye mazungumzo Paris. Bomu limejibiwa na bomu ndani ya siku mbili. Nixon kashinda kwa tofauti isiyofika hata asilimia moja. Pale unaweza kubishana mpaka asubuhi, na kweli kuna wazee pale kijiweni wanaibishania mpaka leo.

Sasa mimi na Mwalimu tuna ugomvi wetu, wa heshima lakini ni ugomvi, nao ni wa 2016. Tarehe 7 Oktoba ile sauti ya Trump anaongea vibaya kuhusu wanawake ilipotoka, mimi nilimpigia kaka yangu simu usiku nikamwambia uchaguzi umeisha, hakuna tena. Nilikuwa na uhakika wote. Sikuangalia kwamba zimebaki siku 32, na siku 32 kwenye siasa ni kama msimu mzima wa mvua, unalima unapanda na unapalilia. Aliomba radhi kwa video usiku uleule, siku mbili baadaye wakawa na mdahalo, watu wakapata kitu kingine cha kuongea. Halafu tarehe 28 Oktoba, siku 11 zimebaki, mkurugenzi wa FBI, James Comey, akawaandikia barua wabunge kwamba wamepata barua pepe nyingine zinazoweza kuhusiana na uchunguzi wa Hillary Clinton. Barua fupi tu. Tarehe 6 Novemba akaandika tena kwamba wameziangalia na msimamo wao haujabadilika. Kura tarehe 8. Yaani jibu lilikuja siku mbili kabla, na wakati huo mamilioni walishapiga kura za mapema. Clinton alipata kura nyingi kwa nchi nzima, alimzidi mwenzake karibu milioni 2.9, lakini urais wa kule unaamuliwa na kura za wajumbe wa majimbo, na majimbo matatu, Michigan, Wisconsin na Pennsylvania, aliyakosa kwa jumla ya kura zisizofika elfu 78. Elfu 78 jamani. Jaza Uwanja wa Mkapa kule Dar, ongeza waliobaki nje ya geti, umemaliza.

Mimi nasema barua ile ilibadilisha rais. Nate Silver, yule mtaalamu wa takwimu za kura za maoni, aliandika 2017 kwamba kuna uwezekano mkubwa ndo ilimgharimu Clinton, na mimi niko upande huo. Mwalimu hakubali. Anasema wapo wachambuzi wengine waliona Clinton alishaanza kushuka kabla ya barua, na akaniambia maneno ambayo mpaka leo sijapata la kumjibu: "Utajuaje mwanangu? Kura haipigwi mara mbili, moja ina barua na nyingine haina." Nikamwambia Mwalimu, lakini tofauti ndogo namna hiyo chochote kinaweza kuwa ndicho. Akasema basi hata mvua ya siku ile iandike ubaoni. Tukaachia hapo. Kila nikienda tunaianza upya na kahawa ya ugomvi huo huwa halipishi.

Wengine mtasema haya ni ya Wamarekani sisi yanatuhusu nini. Sisi watu wa Dodoma ndo wa mwisho kusema hivyo, maana haya mambo yametokea tukiyaona kwa macho. Julai 2015 mimi nilikuwa naendesha bajaji ya mtu, mji umejaa kwa ajili ya vikao vya CCM vya kumteua mgombea urais, gesti zimejaa mpaka Veyula watu wanalala kwenye magari, na kila abiria niliyempakia alikuwa na jina moja mdomoni, Lowassa. Wajumbe waliimba ndani ya kikao kwamba wana imani naye. Halafu yakatoka majina matano, yeye hayumo. Nakumbuka mji ulivyonyamaza asubuhi ile, nilibeba watu watatu kwenda stendi na hakuna aliyeongea na mwenzake njia nzima. Tarehe 12 Julai akapitishwa Magufuli, mtu ambaye kwenye bajaji yangu hakuna aliyekuwa amemtaja. Tarehe 28 Julai Lowassa akahamia Chadema. Tarehe 1 Septemba Dr. Slaa, katibu mkuu wa Chadema hiyohiyo, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Mabomu matatu ndani ya miezi miwili, na mwisho wa yote tarehe 25 Oktoba Magufuli akapata asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Upinzani haukuwahi kupata kiasi kile tangu vyama vingi virudi, hilo nalo ni mabadiliko makubwa, lakini mshindi alitoka chama kilekile. Mwalimu ana ukurasa wa daftari wa mwaka ule, kila ubao kabla hajaufuta anaunakili kwenye daftari, ukimwomba kwa adabu anakuonyesha. Kwenye tarehe 28 Julai safu ya ZIMEBAKI kaandika 89. Alinionyesha kwa kidole tu, hakusema kitu.

Na ukitaka kumwona anaongea kwa hisia muulize 2005. Yeye alikuwa ameteuliwa kusimamia kituo cha kura kijijini, amefundishwa, amejiandaa, kura ni Jumapili tarehe 30 Oktoba. Tarehe 26 akafariki Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa Chadema, na kwa sheria uchaguzi wa rais ukaahirishwa mpaka tarehe 14 Desemba. Anasimulia jinsi alivyokwenda nyumba kwa nyumba kuwaeleza bibi na babu ambao walishachagua nguo ya kuvaa Jumapili, na wengine walidhani anawadanganya. Kikwete alishinda kwa asilimia 80.28, kwa hiyo kifo kile kilihamisha tarehe, hakikuhamisha mshindi. Lakini anasema marehemu wa watu hastahili kuandikwa kama sapraizi, kwenye daftari kaandika "msiba" na safu ya nne kaifunga kwa mstari. Ndo heshima aliyonayo huyu mama.

Usiku wenyewe sasa.

Nilifika saa nne, mabenchi yalishajaa nusu, wengi bodaboda na wauza soko, wanafunzi wa UDOM kama sita hivi, watumishi wawili waliotoka kazini Mtumba bado wana vitambulisho shingoni, na dada yangu ambaye nilimlazimisha aje ili aone kama mwanamke anaweza kukaa pale kwa amani (alikaa, alipewa kiti chenye mgongo karibu na jiko, hakuna aliyemsumbua, na saa nane usiku ndo alikuwa anabishana kuliko wote). Ubao ulikuwa umejaa kuanzia juu. 13 Julai, Trump kapigwa risasi ya sikio Butler, Pennsylvania, zimebaki 115. 21 Julai, Biden kajitoa, zimebaki 107. 27 Oktoba, mkutano wa Trump ukumbi wa Madison Square Garden New York, mchekeshaji kaiita Puerto Rico kisiwa cha takataka, zimebaki 9. 29 Oktoba, Biden naye kateleza ulimi kwenye hilohilo neno takataka, kama anawaita hivyo wafuasi wa Trump, zimebaki 7, na kwenye KAJIBU NANI kaandika "Trump, kapanda gari la taka". Yaani bomu la Jumapili lilimlipukia mmoja, Jumanne likamgeukia mwingine, na Jumatano limeshakuwa picha ya kampeni. Wenye Puerto Rico wako zaidi ya laki nne Pennsylvania peke yake kwa hiyo kila mtu kijiweni alikuwa anaamini hapo ndipo pa kuamulia.

Na lilikuwepo moja la 2 Novemba lililotugawa kabisa. Ni kura ya maoni ya jimbo la Iowa, ya yule mama aliyeheshimika sana kwa kazi hiyo, Ann Selzer, ilisema Kamala Harris, aliyechukua nafasi ya Biden, anaongoza 47 kwa 44 kwenye jimbo ambalo wote tulishamhesabia Trump. Jumapili asubuhi tulipoisikia wanafunzi walishangilia kama goli. Mwalimu aliiandika, ina tarehe na ina msemaji, lakini akaiwekea kinyota, akasema hii sio tukio, hii ni mtu kapima maji kwa kijiti, ngojeni tuone kama kijiti kimefika chini.

Saa sita na nusu usiku akaja kijana wa bodaboda anahema, simu mkononi, ana video fupi inayosema mgombea mmoja kakimbizwa hospitali na kura zinasimamishwa. Mabenchi yote yakasimama. Mimi pia nilisimama, sitaficha, na kidole changu kilishafika kwenye kutuma kwenye grupu la familia. Mwalimu akauliza ya lini. Kijana akasema ya sasa hivi Mwalimu. Nani kasema? Kimya. Akamwambia kaa baba, mpe kahawa huyu amechoka. Akageukia TV, tukageuka naye, wagombea wote wazima, na ile video baadaye mmoja wa wanafunzi akaitafuta akakuta ni picha za zamani zimeunganishwa. Nilifuta kabla sijatuma. Kwa hili moja tu mimi nawapa nyota zote.

Saa tisa usiku Georgia wakaanza kufunga vituo, saa kumi Pennsylvania, na saa kumi hiyohiyo umeme ukakatika mtaa mzima. Nikajua basi, historia inajirudia. Hazikupita dakika mbili mjukuu akachomeka TV kwenye betri ya sola, taa moja ikawaka, tukaendelea. Nilitaka kumkumbatia yule kijana. Florida ilishaenda kwa Trump mapema, tulitegemea. Saa moja na kitu asubuhi jua limeshatoka, North Carolina ikaenda. Supu ikaiva. Saa tatu kasoro Georgia. Watu wa sokoni wakaanza kufungua meza zao huku wanauliza vipi vipi, na saa nne na nusu hivi Pennsylvania ikaenda na Trump mwenyewe akapanda jukwaani kuongea. Saa saba na nusu mchana Wisconsin ndo ikamvusha kura 270 za wajumbe, zile za kutosha kushinda, kwa hesabu za shirika la habari la AP, na mwisho wa kuhesabu kote akawa na 312 kwa 226. Iowa, ile yenye kinyota, kaichukua kwa pointi kama 13. Mwalimu alisimama akaandika "13" pembeni ya kinyota kwa chaki nyekundu, wanafunzi wakaangalia chini.

Nilimuuliza sasa Mwalimu ni lipi kati ya haya yote ndo lilibadilisha. Akanionyesha mstari wa 21 Julai. Akasema lala salama ya mwaka huu ilikuwa Julai, huku mwisho watu zaidi ya milioni 80 walishapiga kura kabla hata ya siku yenyewe, sasa hiyo takataka ya Oktoba ilikuwa inawafuata watu ambao wameshatoka kituoni. Hapo nilimwelewa, na nadhani hilo watu wengi wanaofuatilia kura za kule wanalisahau, sisi huku bara tunapiga siku moja kwa hiyo tunafikiri bomu la Jumamosi linawakuta wote. Kwao halikuti wote. Na ndo maana barua ya Comey naendelea kuipigania, maana 2016 waliokuwa wamepiga mapema walikuwa wachache kuliko sasa. Akacheka akasema tutaongea Jumamosi.

Kasoro zipo na nitazisema zote. TV ni ndogo, inchi 32, ukikaa benchi la nyuma namba za majimbo huzioni, inabidi uulize. Mabenchi ni membamba na hayana mgongo, masaa kumi na sita kwenye benchi lile nimeyalipia kiuno mpaka leo. Choo kiko ndani ya soko, usiku lazima uwe na tochi na mia mbili ya mlinzi, kwa dada zetu hilo ni tatizo la kweli na nimemwambia Mwalimu. Upepo ukivuma vumbi lote la Majengo linaingia kwenye kikombe, wangeweka turubai la pembeni pia. Kashata ziliisha saa saba usiku, mtu anayejua kuna mkesha angetengeneza mara mbili. Na wanapokea pesa kwa simu ila namba ni ya mjukuu, akienda kuchukua mkaa unasubiri. Kingine, chumvi ya supu ilizidi.

Ubao nao nina neno. Hauna mahali pa kuandika yanayotokea baada ya kura. Agosti 2022 Kenya, dakika chache kabla mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Chebukati, hajamtangaza Ruto mshindi, makamishna wanne wa tume walijitenga na yale matokeo, na 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba wakarudia Oktoba. Hizo zote ni sapraizi na kwenye ZIMEBAKI huwezi kuandika kitu. Nilimshauri aongeze safu ya tano, ya mahakamani. Hajakataa, kasema plaiwudi imeisha upana.

Nawapa nne na nusu kwa tano, nusu nimeikata kwa ajili ya choo. Wanafungua saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, siku za mikesha wanakesha. Nendeni mapema mpate benchi la mbele.

Alhamisi, siku moja baada ya mkesha ule, nilipita jioni nikitoka kazini, nikakuta ubao umefutwa wote, unang'aa na bado una unyevu wa kitambaa. Juu kaandika SERIKALI ZA MITAA, 27 NOVEMBA, ZIMEBAKI 20. Chini yake hakukuwa na kitu bado. Kashata zilikuwepo.